Mwaka Niliosomea Harufu

Mwalimu Shilla tulimzika Iguguno mwezi uliopita, kwenye shamba lake mwenyewe, kando ya alizeti zilizokwisha kuvunwa. Nilikaa na akina mama upande wa majiko, na kama ilivyo kawaida yangu, kabla hata sijatandika khanga nilikuwa nimeshajua kwamba wali umeshika chini, kwamba jirani yangu wa kulia amejipaka mafuta ya nazi yaliyokaa muda mrefu kabatini, na kwamba darini mwa nyumba ile kuna popo. Msibani mambo hayo hayasemwi, na aliyeniambukiza ugonjwa huu wa kujua ndiye tuliyekuwa tumekuja kumzika. Baada ya mazishi alinijia mwanaume mwenye kipara na suti iliyombana makwapa, akasimama mbele yangu anatabasamu mpaka nikamtambua. Alikuwa Jumanne wa Itigi, niliyesoma naye kwa huyo huyo marehemu tulipokuwa vijana. Tukakaa kwenye benchi na sahani zetu. Aliniambia kazi yetu aliiacha zamani, akaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mashudu yamemwua pua kabisa. Siku hizi hata mkewe akiunguza maharage ni yeye wa mwisho kujua. Nikamwambia mimi bado ninaifanya. Kisha akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye sahani, yule mama uliyekuwa unakaa kwake kule Misuna, mwisho wake ulikuwaje? Nikasema alifariki mwaka ule ule. Akasema hilo analijua, yeye anauliza ulikuwaje. Nilimwahidi kumpigia simu, sijampigia, na naona ni rahisi zaidi kuandika.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Sepuka, nafanya usafi kwenye gesti moja ya Singida mjini. Mwenye gesti alikuwa amechoka na wageni wanaoingia chumbani, wanavuta pumzi moja, kisha wanakumbuka kwamba wana ndugu mjini watakaolala kwake. Akasikia kuna kampuni ya usafi iliyoleta mwalimu wa kufundisha watu kuondoa harufu, kazi ya kitaalamu, na mwisho wake mtihani na cheti. Alinipeleka mimi kwa sababu wenzangu waliposikia walicheka wakashika mbavu. Watu walicheka sana mwaka ule. Mtaani waliniita daktari wa kunusa, na nyumbani walipoulizwa Naomi anasomea nini walijibu kwamba ni mambo ya hoteli. Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la alizeti ambalo kuta zake zilikuwa zimekunywa mafuta mpaka zikawa nyeusi kufikia kiunoni. Mwalimu Shilla, mtu mfupi mwenye koti jeupe na sauti ya chini, alisema tumepata bahati, kwani wenzetu wa miji mikubwa hujifunzia kwenye vyumba vya marumaru visivyo na harufu ya kufukuza. Yeye mwenyewe hakuwa akila vitunguu siku za kazi, na aliyefika amejipulizia manukato alirudishwa bombani kuoga. Mezani alikuwa amepanga makopo ya maziwa ya unga, kila moja na kitambaa chake ndani: moshi wa sigara, mafuta ya taa, mkojo wa paka, maziwa yaliyochacha, kinyesi cha popo, panya aliyefia ukutani. Unafungua kopo, unanusa mara moja, unasema.

Kwenye kunusa sikuwa na shida. Nilikwama kwenye kusema. Kwetu, na nadhani kwa Wanyaturu wote wa umri wangu, mtoto akiingia kwa mgonjwa akashika pua, anafinywa paja mpaka machozi yamtoke. Akitema mate nje ya mlango wa mtu mwenye kidonda, atachapwa kwanza, maelezo yatafuata. Unaingia, unaamkia, unakaa karibu, na ukiletewa chakula mle mle unakula na kushukuru. Mwenye nyumba akisema tuwie radhi, chumba kina hewa nzito, unajibu kwa uso mkavu kwamba wewe husikii harufu yoyote. Nililelewa hivyo, na ninasema bila aibu kwamba sijaona malezi bora kuliko hayo. Lakini sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kopo lenye panya aliyeoza, mwalimu ananiuliza ninasikia nini, na ulimi wangu ukajibu wenyewe, "Sisikii kitu, mwalimu." Jumanne alicheka mpaka akatoka nje. Mwalimu Shilla hakucheka. Alifunika kopo taratibu, akaniambia, "Naomi, pua unayo. Mdomo ndio huna." Leo nikifundisha mabinti wangu wa kazi, siku ya kwanza nawatia chumbani na kuwaamuru wapaze sauti, na ninawaona wanavyojing'ata midomo. Hata wateja wangu ni hivyo hivyo. Mtu anapiga simu, ana basi lililomwagikiwa samaki wabichi wa gunia zima, na anachosema ni, dada, njoo tu uone mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Misuna kwa mjane aliyeitwa Mama Mwanaidi. Binti yake, huyo Mwanaidi, alikuwa ameolewa Tabora, na mama akabaki peke yake na nyumba ya vyumba vitatu, kuku wake, na mdomo usiojua kupumzika. Mimi ni Mlutheri, yeye alikuwa Mwislamu, na tangu wiki ya kwanza alikataa nisipike peke yangu. Alisema moshi wa majiko mawili kwenye ua mmoja ni ugomvi. Tulikula sahani moja, ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine kuku mgumu aliyechemka tangu adhuhuri, na alikuwa na tabia ya kusukuma minofu upande wangu kwa kidole huku akizungumza jambo lingine, ili nisipate nafasi ya kukataa. Ijumaa alasiri marafiki zake walikuja. Walikuwa wanawake watano au sita wa mtaa ule, mkubwa wao Mama Hawa, na walikaa chumbani kwake, kwenye mkeka, mlango wazi, wakichambua mchele wa mtu au wakisukana nywele, na chupa kubwa ya chai ikizunguka. Niliwasikia kutoka chumbani kwangu. Waligombana kuhusu waume waliokwisha kufa, nani alikuwa mchoyo zaidi. Mama Mwanaidi alisimulia, Mama Hawa akabisha, na wengine wakacheka. Sijui mwanamke aliyeishi kwa maongezi kama yule. Akikaa siku mbili hajazungumza na mtu, alikuwa anawasema kuku.

Sikumbuki ni lini hasa wanawake wale walianza kupungua. Mmoja alikuwa na mgeni, mwingine miguu, mwingine mjukuu ana surua. Mama Hawa ndiye aliyeendelea kuja hadi mwisho, lakini alikaa mlangoni, akisema ndani kuna joto, na baadaye naye akawa na mgeni. Mama Mwanaidi aliendelea kupika chai yake ya Ijumaa. Alitandika mkeka, akapanga vikombe, na jua likishuka aliimwaga chai kwenye mchicha. Nilichogundua ni ubani. Zamani aliuchoma siku moja moja. Sasa chetezo chake cha makaa kilifuka asubuhi na alasiri, na nguo zake zote zikawa zinanukia hivyo. Darasani tulikuwa tumefika kwenye kanuni ambayo Mwalimu Shilla aliipenda kuliko zote, kwamba harufu haifunikwi na harufu. Alianza na methali, la kuvunda halina ubani, na tukacheka kwa kuwa methali yenyewe inasemwa juu ya mambo yaliyoharibika, si juu ya vyumba. Akasema sisi tuichukue kama ilivyo. Kwanza chanzo, alisema, ukitoe. Kisha vilivyoishika: godoro, mapazia, kuta. Kisha hewa. Manukato ni ya mwisho, na fundi mzuri hayahitaji.

Nilimwomba Mama Mwanaidi nimfanyie chumba chake kama mazoezi. Alifurahi, akasema angalau gharama ya kunifuga inarudi. Nilianika godoro, nikafua mapazia kwa siki, nikatafuta panya kila kona na popo darini, nikapaka chokaa. Upepo wa Singida ulifanya nusu ya kazi. Ukifungua dirisha la upande wa ziwa na mlango wa uani, vitu vinapeperuka mezani. Kwa saa kadhaa chumba kilikuwa safi kama shuka jipya. Mama aliporudi kutoka kwa kuku na kuketi kitandani, harufu ikarudi. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametuambia kwamba ukishaosha chumba chote na harufu bado ipo, acha kutafuta ukutani, tafuta kinachoingia na kutoka. Alimaanisha viatu, mbwa, magunia. Chini ya ubani palikuwa na kitu nilichokwisha kukikuta kwenye kopo lake moja, utamu mzito wa nyama inayooza pole pole, na kilikuwa kimekaa kitandani kinanisifu kwa chokaa nzuri. Nilijibu, asante mama, nikatoka na ndoo yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nilimweleza Mwalimu Shilla bila kutaja jina, kana kwamba ni swali la mtihani: chanzo kikiwa mtu, fundi anafanya nini? Alisema hapo fundi hana dawa, mwenye dawa ni daktari, na kazi ya fundi ni moja tu, kusema, kwa sababu mwenye harufu huwa wa mwisho kuisikia na wanaomzunguka hawamwambii. Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Jumanne, ambaye nilimweleza kila kitu, alishauri niandike ujumbe kwenye simu. Simu yenyewe ya Mama Mwanaidi ilikuwa ya tochi na ujumbe alikuwa akisomewa na mimi.

Nilimwambia mchana, uani, anachambua mchele kwenye ungo. Nilisema, "Mama, kuna harufu."

Aliendelea kupepeta. "Ya nini?"

"Ni yako, mama. Si ya nguo. Inatoka mwilini. Naomba twende hospitali."

Ungo ulisimama. Aliniuliza kuna mwingine aliyewahi kusema hivyo, na mimi, kwa kuwa ni kweli, nikajibu hakuna. Akasema basi shida ni pua yangu, shule imeiharibu. Wanawake wenzake wamekaa naye miaka, wamekula naye, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hasikii kitu. Aliyasema hayo kwa sauti tulivu kabisa, na nikatambua kwamba alikuwa amewauliza. Alikuwa amezunguka mtaa mzima akiuliza, na wote wamempa jibu la heshima, na yeye, aliyemfinya Mwanaidi kwa kushika pua, aliyejua jibu hilo linavyotengenezwa, akachagua kuliamini.

Jioni ile alinipakulia chakula kwenye sahani yangu mwenyewe. Hakunifukuza, hakuninyima, na salamu yangu aliiitikia kila asubuhi. Lakini sahani zikawa mbili. Nimekula kwenye nyumba za watu ambao walinichukia waziwazi na nikashiba vizuri. Chakula cha miezi ile nilikiacha nusu sahanini. Ndipo mtihani ukafika. Mkaguzi, mama mmoja mrefu kutoka Dodoma, alinipa chumba cha gesti ambamo mfanyabiashara alilaza matenga ya samaki, maji yakanywewa na godoro na sakafu. Kabla ya kuanza alinitaka nisimame katikati ya chumba na kueleza ninachosikia. Nilieleza. Samaki kwanza, kisha unyevu wa zamani zaidi ya samaki, kisha sigara kwenye mapazia, kisha mtu aliyetapika upande wa ukuta na akafuta kwa sabuni ya kufulia. Nilisema yote bila kupumua, kwa maana baada ya kumwambia Mama Mwanaidi, kumwambia mkaguzi kwamba godoro linanuka lilikuwa jambo dogo. Nilipomaliza kazi alijifungia mle na kiti chake, akakaa, akatoka, akasema hakuna kitu. Nilipata cheti. Mwalimu Shilla alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitembea hadi Misuna nacho kwenye bahasha, na njiani nilikuwa nalia, si kwa furaha.

Mama Mwanaidi alikuwa amekaa barazani. Alikitazama cheti, akakigeuza nyuma kama anatafuta kasoro, akaniuliza kama hawa walionipa hiki wanajua kazi yao. Nikasema wanajua. Akakirudisha kwenye bahasha, akasema nimpeleke hospitali kesho.

Nilikaa naye kwenye benchi la hospitali, yeye amejifunga khanga tatu. Daktari alikuwa kijana na alijitahidi kuzungumza kwa upole. Kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa, na hata akisafirishwa hadi hospitali kubwa Dar es Salaam watamwongezea muda na kumpunguzia maumivu, si zaidi. Alimwuliza ameona damu tangu lini. Mama akasema tangu mwaka juzi, lakini alidhani ni mambo ya umri yanarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema hivyo wakiwa wametoka msibani wamekaa salama. Mimi sikumwona kama mtu aliyeficha. Alikuwa ameuliza, akajibiwa. Dar alikataa kwenda. Alisema kule angekufa anatazama kuta, na hakuna anayemjua. Anachotaka ni kukaa chumbani kwake Ijumaa na wenzake wakiwa kwenye mkeka, mara chache tu zilizobaki, basi. Aliniambia kwenye bajaji, akiangalia mbele, "Wewe si una cheti. Nifanyie hivyo."

Kitabuni kazi hiyo haiwezekani, maana chanzo hakitolewi. Nesi mmoja mwenye roho nzuri alinionyesha namna ya kusaga vidonge vya kuua vijidudu ambavyo mama aliandikiwa na daktari na kuvinyunyiza kwenye vitambaa vyake vya kujifunga, vitambaa vibadilishwe mara kwa mara, vilivyotumika vifungwe na kuondolewa papo hapo. Yaliyobaki niliyajua. Jumanne alileta magunia mawili ya mkaa na shuka la plastiki la kuvalisha godoro, akabeba kitanda hadi chini ya dirisha. Niliweka mkaa kwenye masinia chini ya kitanda na nyuma ya kabati, nikaubadilisha kila ulipochoka. Sakafu niliiosha kwa siki na soda. Ubani nilimwomba auache, na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, kwa maana ulikuwa umemfichia mengi. Siku ya tatu au ya nne nilitoka nje, nikazunguka ua, nikarudi kama mgeni, nikasimama katikati ya chumba kama nilivyosimama mbele ya mkaguzi. Nilisikia mkaa, siki kidogo, na upepo wa ziwani wenye magadi. Mama Mwanaidi aliniangalia usoni, akauliza. Nikamwambia hakuna, na alijua kwamba mimi nikisema hakuna, hakuna. Jioni hiyo alinisogezea sahani yake.

Nilikwenda kwa Mama Hawa. Nilimkuta anakoroga uji, nikamwamkia, nikamwambia mama anawaulizia. Akaanza, ana mgeni. Nikasema, "Mama, njoo tu. Nimepasafisha." Alijua nimesema nini, na alijua kwamba mtoto wa kwetu hatakiwi kusema hivyo. Alikoroga uji wake kwa muda mrefu, hakuniangalia, kisha akasema Ijumaa.

Walikuja wote. Wa kwanza walisimama mlangoni kidogo, kama mtu anavyopima maji kwa unyayo, kisha wakaingia. Nilikuwa uani na majani ya chai na niliwasikia: kwanza dua na pole, halafu Mama Mwanaidi akamtaja marehemu mume wa Mama Hawa na ule mbuzi wake, na mabishano yakaanza pale yalipoachwa. Chupa ya chai iliisha, nikajaza nyingine. Nilipoingia kuchukua vikombe, Mama Hawa alikuwa amejilaza kwenye ukingo wa kitanda, kichwa karibu na bega la mwenzake, anacheka amefumba macho. Nilisimama na vikombe vyangu nikajiona mtu mkubwa. Ni mara moja tu maishani nimejivunia kazi hii kiasi kile.

Walipoondoka nilikunja mkeka. Mama Mwanaidi alikuwa ameelekea ukutani na nikadhani amechoka. Kisha akasema, "Kwa hiyo walikuwa wanaisikia."

Niliuegemeza mkeka ukutani.

"Wote. Mwaka mzima. Wala hakukuwa na mgeni, wala mwenye miguu mibovu." Aligeuka kunitazama. "Na wewe ulikuwa unakula na mimi, mkono wako na wangu sahani moja. Ulikuwa unaisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Ukameza."

"Nikameza."

Akasema nimelelewa vizuri. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na nilitamani ingekuwepo. Alisema siku zile zote alijiambia kwamba wamemchoka, kwamba amekuwa mzee mwenye hadithi zile zile, na hilo lilimwuma lakini alilizoea. Sasa ameona jinsi walivyomrudia wote siku ile ile hewa ilipokuwa safi, na amejua alivyokuwa amekaa katikati yao muda wote huo, anacheka, anamimina chai. Nilimwambia kwamba imekwisha, haipo tena. Akasema anajua haipo. Nilichukua harufu chumbani, nikamwachia aibu, na kwa aibu sikuwa na kopo wala dawa.

Ijumaa iliyofuata walikuja mapema, na keki. Mama Mwanaidi alisikia viatu vyao langoni, akaniambia niwaambie amelala. Nikatoka nikasema amelala. Mimi, niliyefundishwa mwaka mzima kusema kilichopo, nilisimama mbele ya mlango nikadanganya, na wale wanawake, mabingwa wa uongo huo, wakanitazama na kuelewa. Walitandika mkeka wao barazani. Waliongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wakielekea dirishani, wakamrushia Mama Mwanaidi maneno ya kumchokoza kama ilivyokuwa desturi yao, wakimwachia nafasi ajibu. Hakujibu. Niliingia kumbadilisha vitambaa nikakuta amejifunika khanga kichwani, mabega yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa anacheka au analia. Ijumaa ya baadaye ilikuwa hivyo, na ya baadaye. Nilimsihi. Alisema hawezi kuwatazama usoni. Watu husema maskini hana aibu na mgonjwa hana aibu. Waliosema hayo hawakumjua.

Alifariki asubuhi moja ya upepo mkali, mimi nimemshika mkono, Mwanaidi yuko njiani kutoka Tabora. Mama Hawa alifika kabla sijatoka kwenda kumwita. Wanawake wa mtaa wakaja na shuka na ndoo, wakaingia kumwosha, na mlango ukafungwa. Mimi si wa dini yao na si mahali pangu. Nikabaki uani kuchemsha maji na kuyapitisha mlangoni. Niliwasikia wakisoma taratibu na maji yakimwagika. Nilikuwa nimebadilisha mkaa alfajiri, nimeweka vitambaa vipya, lakini mwili ukishatokwa na roho hauna kanuni za kitabuni, na nilijua hivyo. Walichukua muda. Mwishowe Mama Hawa alitoka, mikono yake ingali inachuruzika maji, akanivuta kando ya banda la kuku.

"Naomi," alisema, "hakuwa na harufu yoyote. Hata kidogo."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, mkavu, uso ule ule niliofundishwa mimi nikiwa mtoto, na nikatafuta kila mahali juu yake nione kama amesema kweli. Nilikuwa na cheti, na mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama. Nikamwambia asante, mama, nikarudi kuchochea moto.